Blogu ya Bure na Mapato ya Matangazo: Mambo ya Kujua kwa Mwananchi wa Unguja

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Blogu ya bure ni tovuti ambayo mtu huifungua katika jukwaa la kampuni ya mtandao bila ya kulipia hifadhi ya taarifa wala anwani. Mkaazi wa Mkunazini au wa Jambiani mwenye simu janja na barua pepe anaweza kuifungua asubuhi na kuchapisha habari yake ya kwanza kabla ya adhuhuri. Kutokana na wepesi huo, vijana wengi wa Unguja huulizana iwapo blogu ya namna hiyo inaweza kuwaletea kipato kupitia matangazo ya biashara, na kwa utaratibu gani.

Inawezekana, na wapo Watanzania waliolifanya jambo hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo, baina ya siku ya kufungua blogu na siku ya kupokea fedha benki kuna masharti ambayo aghalabu hayaelezwi kwa wanaoanza. Mtu anaweza kufanya kazi kwa miezi minane, kisha akaunti yake ya matangazo ikafungwa ikiwa na dola 70 ambazo hatazipata tena. Au malipo yakafika benki na kurudishwa kwa sababu jina lililosajiliwa ni la binamu yake aliyemsaidia kujaza fomu. Makala hii inaeleza namna mapato hayo yanavyopatikana, yanavyohesabiwa na yanavyolipwa, pamoja na wajibu wa kisheria unaomhusu mwenye blogu aliyeko Zanzibar.

Chimbuko la blogu za Kiswahili

Jukwaa lililozoeleka zaidi miongoni mwa wanablogu wa Kitanzania ni Blogger, ambalo anwani zake za bure humalizikia na neno "blogspot.com". Jukwaa hilo lilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Pyra Labs, na mwaka 2003 likanunuliwa na Google. Katika mwaka huohuo Google ilianzisha huduma ya AdSense, ambayo huweka matangazo ya biashara katika tovuti za watu wengine na kugawana mapato na wenye tovuti hizo. Kukutana kwa huduma hizo mbili chini ya kampuni moja ndiko kulikofungua mlango wa mapato kwa mtu asiye na mtaji.

Kwa upande wa Kiswahili, Ndesanjo Macha anatajwa kuwa miongoni mwa watangulizi wa uandishi wa blogu kupitia blogu yake ya Jikomboe. Alikuwa Ndesanjo pia aliyemsaidia Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News, kufungua blogu yake mwezi Septemba 2005 walipokuwa katika mkutano wa kimataifa mjini Helsinki, Finland. Michuzi, ambaye wasomaji wake humwita Ankal, alitumia anwani ya bure ya Blogspot na kuijaza picha za matukio ya kila siku: harusi, misiba, mikutano ya Serikali na mitaa ya Dar es Salaam. Watanzania walioko Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba waliifungua kila asubuhi ili kupata habari za nyumbani, na baada ya muda pembezoni mwa kurasa zake yakaonekana mabango ya kampuni na taasisi za Tanzania. Hapa Zanzibar, blogu ya ZanziNews ilifuata njia hiyohiyo ya picha na habari fupi katika jukwaa la Blogger.

Mambo mawili katika historia hiyo yanastahili kuzingatiwa na anayeanza leo. La kwanza ni kwamba wasomaji walikuja kwa sababu ya kitu ambacho hawakukipata kwingine. La pili ni kwamba mabango yale hayakuletwa na mfumo wa Google. Yalitoka kwa wafanyabiashara wa ndani waliokubaliana na mwenye blogu moja kwa moja. Njia hizo mbili za mapato, yaani matangazo ya mfumo na matangazo ya makubaliano, zina taratibu tofauti na hazina budi kuelezwa mbalimbali.

Si kila jukwaa la bure linampa mtumiaji wake haki ya mapato. Katika baadhi ya majukwaa, likiwemo WordPress.com, kampuni yenyewe huweka matangazo katika kurasa za wateja wasiolipia, na fedha huenda kwa kampuni. Kabla ya kuchagua pa kufungua blogu, ni vyema kusoma kipengele kinachohusu matangazo katika masharti ya jukwaa husika.

Fedha ya mfumo inavyohesabiwa

Katika AdSense mwenye blogu hachagui tangazo wala hajadiliani na mtu. Kila ukurasa unapofunguliwa, mfumo hufanya mnada wa haraka baina ya wenye matangazo, na mshindi ndiye tangazo lake huonekana. Kwa maelezo ya Google, mwenye tovuti hubaki na takriban asilimia 68 ya kile alicholipa mwenye tangazo.

Kwa miaka mingi malipo yalitegemea zaidi mbofyo, yaani msomaji kuligusa tangazo na kupelekwa katika tovuti ya muuzaji. Mwezi Novemba 2023 Google ilitangaza kuwa kuanzia mwanzoni mwa mwaka 2024 malipo yatahesabiwa kwa idadi ya mara ambazo tangazo limeonekana. Maelekezo mengi ya Kiswahili yanayosambazwa katika makundi ya WhatsApp bado yanazungumzia mbofyo, na ni vyema msomaji akayapima kwa tarehe yaliyoandikwa.

Ili kuelewa ukubwa wa fedha inayozungumzwa, tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa zinamletea mwenye blogu senti 50 za dola ya Marekani. Blogu inayofunguliwa mara 300 kwa siku itakuwa na kurasa 9,000 kwa mwezi, sawa na dola 4 na senti 50. Kwa kuwa AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100, mwenye blogu hiyo atasubiri zaidi ya miezi 22 kwa malipo yake ya mwanzo. Blogu inayofunguliwa mara 2,000 kwa siku itafikisha kurasa 60,000 kwa mwezi, sawa na dola 30, na itavuka kiwango hicho katika mwezi wa nne. Viwango halisi hubadilika kila siku na hutofautiana baina ya blogu na blogu, lakini uwiano wa hesabu unabaki uleule: panahitajika wasomaji wengi sana kabla ya fedha kuonekana.

Mahali alipo msomaji lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wenye matangazo hununua nafasi kwa kuangalia nchi ya msomaji, na bei ya tangazo linaloonekana kwa mtu aliyeko London kwa kawaida ni kubwa kuliko la mtu aliyeko Mwanakwerekwe. Kwa sababu hiyo, waandishi wengine wa Unguja huchagua kuandika kwa Kiingereza kuhusu Mji Mkongwe, misitu ya Jozani, mashamba ya viungo au boti za kwenda Changuu, wakiwalenga wageni wanaopanga safari. Mantiki yake inaeleweka: Zanzibar ilipokea wageni 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024, na wengi wao hutafuta taarifa mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Tatizo ni kwamba uwanja huo umejaa. Kampuni kubwa za kusafirisha watalii za Ulaya zina kurasa kuhusu Mji Mkongwe tangu zamani, na mwandishi mpya hujikuta katika ukurasa wa tano wa matokeo ya utafutaji.

Kiswahili nacho kimo katika orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense, hivyo si kweli kwamba blogu ya Kiswahili haiwezi kulipwa. Wenye matangazo wanaoilenga lugha hii ni wachache na bei zao ni ndogo, lakini ushindani wa uandishi pia ni mdogo. Aidha, mwandishi wa Kiswahili ana hazina isiyotajwa mara nyingi, nayo ni Wazanzibari walioko Muscat, Dubai na miji ya Uingereza, ambao husoma Kiswahili wakiwa katika nchi ambazo nafasi ya tangazo huuzwa kwa bei ya juu. Habari ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi iliyoandikwa vizuri kwa Kiswahili ina wasomaji wake Oman, na hakuna kampuni ya Ulaya itakayoiandika kabla yako.

Masharti na sababu za kufungiwa

Mwenye akaunti ya AdSense hana budi awe ametimiza umri wa miaka 18, na kila mtu huruhusiwa akaunti moja tu. Katika Blogger, maombi hufanyika kupitia sehemu ya mapato iliyomo ndani ya blogu yenyewe. Kufungua akaunti hakuna malipo yoyote, na anayeomba fedha ili "akupitishie" maombi hana uwezo huo.

Sababu kubwa ya maombi kukataliwa ni maudhui yasiyo ya mwombaji. Hapa kwetu tatizo hili lina sura yake. Taarifa moja ya Serikali, pamoja na picha zake zilezile, huonekana neno kwa neno katika blogu kumi kwa siku moja. Taarifa rasmi hutolewa ili ziwafikie wananchi, na kuzisambaza ni huduma kwa jamii; lakini mfumo wa matangazo huihesabu blogu iliyojaa maandishi yanayopatikana kwingine kuwa haina thamani kwa mwenye tangazo. Mwanablogu anayetaka kipato atalazimika kuongeza cha kwake: kwenda kwenye eneo la tukio, kupiga picha zake, kuuliza bei za samaki katika soko la Darajani, kueleza mabadiliko ya ratiba za boti, au kuandika kwa kina historia ya mtaa mmoja wa Kiponda au Malindi. Picha na muziki wa watu wengine visitumiwe bila ya ridhaa yao. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na Google nayo huondoa kurasa zinazolalamikiwa na wenye haki.

Sababu kubwa ya akaunti iliyokwisha kukubaliwa kufungwa ni udanganyifu wa hesabu. Mwenye blogu haruhusiwi kuyabofya matangazo yaliyomo katika blogu yake, wala kuwaomba jamaa na marafiki wafanye hivyo. Kijana anayetuma kiungo katika kundi la familia kwa maneno "nisaidieni kubofya" huona anaomba msaada mdogo, lakini kwa kampuni hiyo ni wizi dhidi ya mwenye tangazo. Mfumo hutambua mibofyo mingi inayotoka katika mtandao mmoja kwa muda mfupi, hufunga akaunti, na salio hurejeshwa kwa wenye matangazo. Nafasi ya kukata rufaa ipo, ila mwombaji atatakiwa kueleza kilichotokea kwa ushahidi wa takwimu zake. Huduma za kununua wasomaji wa bandia, ambazo hujitangaza kwa bei rahisi, zina matokeo hayohayo.

Mwenye blogu ana uwezo wa kuzuia makundi ya matangazo yasiyoendana na wasomaji wake, mfano ya utafutaji wa wachumba au ya ahadi za utajiri wa haraka. Wengi hawajui kuwa uwezo huo upo hadi tangazo lisilofaa lionekane katikati ya mwezi wa Ramadhani na simu zianze kupigwa. Yafaa marekebisho hayo yafanywe siku ya mwanzo. Vilevile kurasa za tanzia, ambazo katika blogu zetu husomwa na watu wengi mno, ni bora ziachwe bila ya mabango. Msomaji anayetafuta saa ya maziko hapaswi kukutana kwanza na tangazo la viatu.

Barua ya posta na akaunti ya benki

Salio linapofika dola 10, Google humtumia mwenye akaunti barua ya karatasi yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani yake. Namba hiyo isipoingizwa katika akaunti ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Hatua hii, ambayo katika nchi nyingine ni ndogo, ndiyo inayowakwamisha wengi visiwani.

Mkaazi asiye na sanduku lake la posta hutumia la skuli aliyosoma, la ofisi ya mzazi au la msikiti. Hakuna kosa katika kufanya hivyo, mradi jina lake kamili liandikwe na mwenye sanduku awe amearifiwa, kwani barua yenye jina la mtu asiyejulikana hurudishwa au hukaa mezani miezi mingi. Baada ya zoezi la kitaifa la anwani za makazi na postikodi lililofanyika mwaka 2022, nyumba nyingi sasa zina namba na jina la njia. Postikodi za Zanzibar huanza na tarakimu 7, na mwananchi asiyejua yake anaweza kuiulizia kwa Sheha wa shehia yake. Barua isipofika, mfumo huruhusu kuomba nyingine, na inaposhindikana kabisa huruhusu uthibitisho kwa nakala ya kitambulisho. Kwa hivyo jina lililoandikwa katika akaunti liwe lilelile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Aliyejiandikisha kwa jina la utani au kwa majina mawili ilhali kitambulisho kina matatu, hurekebishe mapema.

Malipo hutumwa baina ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata ule ambao salio lilivuka dola 100. Kwa Tanzania njia iliyozoeleka ni uhamisho wa fedha kupitia benki. Mpokeaji huhitaji namba ya akaunti, jina kamili kama lilivyo benki, na msimbo wa kimataifa wa benki yake, ambao hutolewa bila ya malipo katika tawi lolote. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ), iliyoanzishwa mwaka 1966, pamoja na benki nyingine zenye matawi Unguja, hupokea fedha za aina hii. Kabla ya kuchagua, mteja aulize mambo matatu: makato ya kupokea fedha kutoka nje, iwapo akaunti ya shilingi inatosha au itahitajika ya dola, na kiwango cha kubadilishia kitakachotumika. Kwa malipo ya dola 100, tofauti ya makato baina ya benki mbili yaweza kuwa sehemu kubwa ya faida ya miezi minne, na kwa hivyo baadhi ya wanablogu hupandisha wenyewe kiwango cha chini cha malipo ili fedha ziingie mara chache kwa kiasi kikubwa.

Tangazo la makubaliano

Kwa blogu ya Unguja yenye wasomaji wachache lakini wanaojulikana, bango la mfanyabiashara wa hapa lina tija kubwa kuliko mfumo. Mwenye kumbi za harusi, zahanati binafsi, skuli ya watoto, muuzaji wa vifaa vya ujenzi wa Amani au nyumba ya wageni ya Paje hana haja ya watu milioni moja. Anahitaji mia tano walioko karibu naye, na blogu inayosomwa na mia tano hao inaweza kumuuzia nafasi kwa mwezi, kwa shilingi, bila ya kusubiri dola 100 wala barua ya posta.

Kinachokosekana mara nyingi ni uthibitisho. Mfanyabiashara atauliza blogu inasomwa na watu wangapi, na takwimu za ndani ya Blogger huhesabu pia mashine za utafutaji zinazopita katika kurasa, hivyo huonesha idadi kubwa kuliko ya wasomaji halisi. Ni salama zaidi kuunganisha blogu na huduma ya Google Analytics, ambayo nayo ni ya bure, na kumuonesha mteja idadi ya wasomaji na miji waliyomo. Namba ndogo ya kweli huuzika. Namba kubwa ya uongo huuzika mara moja tu, na Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaojuana.

Makubaliano yaandikwe, japo kwa ukurasa mmoja: bango litakaa wapi, kwa ukubwa gani, kuanzia na kumalizia tarehe ipi, malipo kiasi gani na lini, na fidia ipi itatolewa iwapo blogu haitapatikana kwa siku kadhaa. Biashara za utalii zifuatwe kabla ya msimu. Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, baadhi ya hoteli za ukanda wa pwani hupunguza kazi au hufunga, na meneja aliyepunguza wafanyakazi hatasaini mkataba wa bango. Anayeandika ombi lake mwanzoni mwa Mei kwa ajili ya msimu unaoanza Juni humkuta meneja akiwa katika kupanga bajeti.

Google hairuhusu matangazo ya makubaliano yafanane na yake kiasi cha kumchanganya msomaji, lakini haizuii yakae katika blogu moja. Makala iliyolipiwa na mfanyabiashara iandikwe wazi juu yake neno "Tangazo", na kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ya udhamini katika msimbo wa ukurasa, la sivyo blogu yaweza kushushwa katika matokeo ya utafutaji. Tangazo la dawa, tiba au kipodozi lisipokelewe kabla ya kuuliza Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Na mwanablogu anayeanza kwa kuandika kuhusu matembezi, kisha akaanza kuyauza mwenyewe na kupokea fedha za wageni, ameingia katika biashara ya utalii inayohitaji leseni kupitia Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Leseni na usajili

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotolewa mwezi Machi 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ndizo zilizowaleta wanablogu wa Tanzania rasmi katika utaratibu wa leseni. Wakati huo ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000 na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000, na adhabu ya kutoa huduma bila ya leseni ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ukilinganisha na hesabu ya dola 4 na senti 50 kwa mwezi, utaona kwa nini blogu nyingi ndogo zilinyamaza mwaka ule. Kanuni mpya zilitolewa Julai 2020 na zimerekebishwa baadaye, ikiwemo kuhusu ada na aina za huduma zinazohitaji leseni. Kwa hivyo viwango vya mwaka 2018 visichukuliwe kuwa ndivyo vya leo.

Kwa aliyeko Zanzibar kuna jambo la ziada. Posta na simu ni mambo ya Muungano na husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi yake Zanzibar. Utangazaji si jambo la Muungano, na hapa unasimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1997. Blogu ya mapishi au ya mashairi ya mwandishi haina hali sawa na blogu ya habari na matukio, na blogu ya habari inayoweka video za mahojiano inakaribia zaidi utangazaji. Anayekusudia kuandika habari na kupokea fedha za matangazo afike katika ofisi zote mbili, aeleze kwa maandishi anachokusudia kukifanya, na aombe majibu kwa maandishi kabla ya kuchapisha. Pale kazi inapokuwa biashara kamili yenye jina lake, usajili wa jina hilo hufanywa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA).

Kodi

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ina ofisi Unguja. Mapato ya mkaazi yanayotoka nje ya nchi nayo yanahusika, hivyo fedha ya AdSense haikwepi kwa kuwa imetumwa kutoka ng'ambo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo anayolipwa mzalishaji wa maudhui ya kidijitali aliye mkaazi. Kenya ilikuwa imeweka kiwango kama hicho mwaka mmoja kabla. Zuio hilo hufanywa na mlipaji aliye nchini. Malipo yanayotoka kwa kampuni ya nje huingia bila ya kukatwa hapa, na wajibu wa kuyatangaza hubaki kwa mpokeaji.

Upande wa ushuru na kodi zisizo za Muungano, msimamizi ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Hoteli au kampuni inayoweka vitabu vyake vizuri haitalipia bango bila ya kupatiwa ankara, namba ya mlipakodi na risiti ya kielektroniki, na mwanablogu asiye na vitu hivyo hupoteza wateja wake walio bora. Anayeanza aweke tangu mwezi wa kwanza rikodi tatu: taarifa ya mapato ya kila mwezi inayopatikana ndani ya AdSense, taarifa ya benki inayoonesha siku na kiwango cha kubadilishia fedha, na nakala za mikataba ya mabango. Gharama za vifurushi vya intaneti, kamera na usafiri wa kwenda kwenye matukio ziambatane na stakabadhi zake, kwani ofisa wa kodi ataziuliza kabla ya kuzikubali kuwa ni gharama za kazi.